Wembe wa Mwalimu

Mwalimu alikuwa na wembe uliokatwa nusu na kuchomekwa kwenye gunzi la muhindi, na wembe huo nilikuwa nauchukia. Mshono ukipinda hata kidogo aliuchukua, akakata uzi mmoja baada ya mwingine bila haraka, akavuta, akapuliza vumbi la nyuzi, kisha akakurudishia mkononi vitambaa viwili ulivyodhani vimekwisha kuwa kimoja. "Haya, shona," anasema. Pole hakuitoa. Hata yeye mwenyewe hakujipa pole, maana kazi yake aliifumua mara nyingi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kazi yenyewe ilikuwa blanketi la viraka. Sisi wengine tuliliita hivyo, blanketi la viraka. Yeye alisema mfarishi, kwa sababu ndivyo alivyolikuta jina lake katika vitabu vya sayansi kimu alivyofundishia katika shule yetu ya msingi huku Kishapu. Alifundisha watoto wa kijiji kizima kushika sindano, wavulana kwa wasichana, hadi alipostaafu. Wengi wetu tulisahau jina lake kabisa. Ukisema Mwalimu, kila mtu alijua ni yeye, ingawa walimu kijijini walikuwa wengi.

Blanketi lilikuwa langu. Mama yangu ndiye aliyelianza, wakati ameshaanza kuumwa, akikaa kwenye mkeka pale jua la asubuhi linapopiga ukuta. Alichukua khanga zake zilizochakaa, akazikata, akaunga kipande cha katikati chenye ukubwa wa meza ndogo ya chai. Hapo nguvu zikamwishia. Alimwita Mwalimu, ambaye alikuwa rafiki yake wa siku zote, akamkabidhi kile kipande mbele yangu. "Mmalizie mtoto," alimwambia. "Siku ya harusi yake alale chini yake." Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda mrefu, akasema atamaliza. Mama alifariki kabla ya mvua za mwaka ule.

Baada ya matanga nguo za marehemu ziligawiwa, kama tunavyofanya sote. Shangazi zangu walipata zao, mama wadogo wakapata zao, na kila mmoja akaondoka na furushi lake kurudi alikotoka, huyu Kahama, yule Maswa. Mimi nilipewa kitenge kipya ambacho Mama hakuwahi hata kukivaa. Sikulalamika, ndivyo ilivyo. Lakini ina maana kwamba mkono wa mama yangu ulibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kile kipande alichokuwa nacho Mwalimu. Ndiyo maana nililitaka lile blanketi kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo maana Mwalimu alinikera kuliko mtu mwingine yeyote niliyempenda.

Harusi yangu ilifika, blanketi halikufika. Mwalimu mwenyewe alikuja, tena mapema, akaniletea sufuria na beseni. Aliniona nimesimama na gauni langu, akapiga magoti na kuinua pindo. "Fundi aliyekushonea hii alikuwa anafikiria mambo mengine," alisema. Akatoa sindano kwenye kilemba chake, akaanza kushona pale pale, huku shemeji zangu wanapiga vigelegele nje na gari linapigwa honi.

"Na blanketi, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Bado kidogo."

Hiyo "bado kidogo" niliisikia kwa miaka zaidi ya kumi. Nilihamia Geita na mume wangu, fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kila pamba ilipokwisha kuvunwa nilirudi nyumbani kuwaona ndugu, na kila niliporudi nilipitia kwa Mwalimu kuuliza. Nilijifungua Pendo: bado kidogo. Nilijifungua wa pili: bado kidogo. Mume wangu alianza kunitania kwamba blanketi lile si la harusi yangu tena, ni la harusi ya Pendo, na mimi bora aninunulie la dukani. Mwanzoni nilicheka. Baadaye alipolisema nilimwambia anyamaze.

Sitaki mtu afikiri Mwalimu alikuwa mvivu. Afadhali angekuwa mvivu, ningejua la kumwambia. Kila siku ya Mungu alikaa kibarazani na kazi ile mapajani. Mfarishi unajazwa katikati, na yeye alijaza pamba ya huku huku kwetu. Watu walipomaliza kuvuna alipita mashambani kuokota pamba fifi, ile yenye madoa ambayo hakuna anayejivunia, akarudi nayo kwenye kapu na kuitoa mbegu moja moja kwa vidole. Jirani mmoja alimshauri achane sponji ya godoro kuukuu, kazi iishe. Mwalimu aliendelea kutoa mbegu mpaka yule jirani akaaga mwenyewe.

Na vitambaa navyo! Hakukubali kitambaa chochote kisichokuwa pamba tupu. Alikuwa na kiberiti maalumu cha kazi hiyo. Ukimletea kitambaa alichomoa nyuzi chache pembeni, akazichoma, akanusa. Zikitoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu, kitambaa kimepita. Zikiyeyuka na kuwa kitone cheusi, alikurudishia. Mwaka mmoja nilikusanya mabaki kwa mafundi cherehani wa Geita, nikajaza mfuko, nikasafiri nao nikiona kwamba safari hii nimemkomoa, hatakuwa na kisingizio. Alikaa nao asubuhi nzima akichoma na kunusa. Nyumba ilinuka moshi. Mwishowe nilibaki na rundo kubwa upande wangu na yeye na vipande vichache upande wake.

"Hizi zote ni plastiki," alisema.

"Siku hizi nguo zote ndivyo zilivyo, Mwalimu."

"Tumezungukwa na pamba kila upande, halafu tunavaa plastiki. Na wewe unaibeba toka Geita, mji wa dhahabu, unaniletea mimi!"

Mume wangu alikuwepo siku hiyo, amekuja na ovaroli yake ya kazi kwa sababu alikuwa anapeleka kipuri Kahama. Mwalimu alimtazama, akamwendea, akachomoa uzi kwenye kola yake, akauchoma. Jivu. "Hii pamba," alisema kwa furaha, akamwambia avue. Mume wangu alicheka, kisha akaona kwamba hatanii. Alifika Kahama amevaa suruali ya marehemu mume wa Mwalimu, inayomwishia juu ya vifundo vya miguu, na mafundi wenzake hawajaisahau mpaka leo.

Cha kushangaza ni kwamba mtu huyu asiyevumilia mshono uliopinda aliishi kwenye nyumba ambayo kila kitu chake kilikuwa kimepinda. Mlango wa choo ulining'inia kwenye bawaba moja tangu nikiwa darasa la tatu. Mbuzi waliingia jikoni na kutoka walivyotaka. Ugali wake uliungua chini karibu kila siku, naye alikula bila kuona tofauti. Vikombe vyake vya chai havikufanana hata viwili, na kimoja hakikuwa na mkono. Na watu aliwasamehe upesi mno. Aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alimwibia kuku, kijiji kizima kikajua. Wiki iliyofuata Mwalimu alimkaribisha chakula na kumchinjia mwingine. Nilimuuliza imekuwaje. "Ana njaa yule," alisema, na kurudi kwenye sindano yake, na palepale akafumua mshono wangu ambao ulikuwa umekosea kwa upana wa kucha.

Nilizoea kumwambia kwamba angekuwa na huruma kwa nyuzi kama aliyo nayo kwa wezi, ningekuwa nimeshalala chini ya blanketi langu.

Watu walimshangaa anavyoweza kuendelea na kazi moja isiyokwisha. Wanawake walikuja kumuuliza, kwa sababu kila mmoja ana kitu alichokianza na kukitupa uvunguni, kitambaa cha meza, mkeka, hata nyumba. Alikuwa na mbinu zake. Chai ya asubuhi haikuingia mdomoni mwake mpaka mstari mmoja umeisha, na kama mstari umefumuliwa, basi na chai imefumuliwa. Aliposhona aliimba nyimbo za kulimia, zile ambazo vijana wakijipanga shambani na majembe huimba ili mstari mzima uende pamoja, naye aligonga kisigino sakafuni kufuata mapigo. Alipoona uvivu unamnyemelea alibadilisha wimbo, akauanza wa kasi zaidi. Kanisani hakuimba hata ubeti, alisema kwaya yetu inaburuta.

Lakini mbinu yake kubwa ilikuwa hii: hakulitazama blanketi lote. Alilikunja likawa furushi, akalifunga kwa shuka kuukuu, na kuacha nje ukingo ule tu anaoushughulikia. "Ukiliona lote utakata tamaa," aliniambia. "Wewe tazama kiraka kilicho mkononi." Wanawake waliokuja kuuliza waliondoka na neno hilo wameridhika. Hata mimi nililitumia Geita, niliposomea kozi ya ushonaji nikaona haiishi. Lilinisaidia, siwezi kukataa.

Kwa upande wa blanketi halikunisaidia chochote. Kila nilipomtembelea alinipa sindano. Sikuwa mgeni, nilikuwa kibarua. Nilikaa naye kibarazani, tunashona, anafumua, tunashona tena.

"Mwalimu, nimechoka," nilimwambia siku moja.

"Umechoka na nini? Sindano haina uzito."

"Nimechoka kufumua."

"Kufumua nako ni kushona."

"Si kushona. Ukishona kitu kinaongezeka. Sisi mwaka jana tulikuwa hapa hapa kwenye ukingo huu huu, na kiraka hiki hiki cha bluu."

Alicheka, akapanguza macho. "Una kichwa kama mama yako," alisema. Nikaona bora nimuulize lile nililokuwa nalo moyoni.

"Kile kipande cha Mama kipo?"

"Kipo. Kingekwenda wapi?"

"Hujakifumua?"

Hapo aliacha kucheka. Alikaza uzi, akaukata kwa meno. "Nikifumue kwa nini?"

"Nionyeshe basi."

"Nikilifungua litashika vumbi. Shona."

Nilishona, lakini tangu siku hiyo niliingiwa na wasiwasi. Kama kipo, kwa nini hanionyeshi? Nilimjua Mwalimu. Nilijua Mama alishona akiwa mgonjwa, mkono wake hauna nguvu, na nilijua ule wembe kwenye gunzi. Nilikuwa nikilala Geita nawaza kwamba ameshakifumua siku nyingi, amekishona upya vizuri, umenyooka kila mshono, na kwamba nikija kulipata hilo blanketi nitafunikwa na mkono wa Mwalimu peke yake. Nilimkasirikia kwa jambo ambalo hata sikuwa na hakika kama amelifanya. Mume wangu alisema nimuulize waziwazi. Nilishamuuliza waziwazi!

Kisha kukatokea lile la Mama Kulwa.

Nilikuwa nimeona kwamba Mwalimu peke yake hatamaliza kamwe, na kwamba akina mama wa kikundi chetu cha kanisa wangeweza kumaliza kwa msimu mmoja. Mwalimu alikataa, halafu akakubali kwa sharti lake: tugawane pande mbili, tushindane. Kwetu baada ya mavuno ngoma huchezwa kwa mashindano, pande mbili zinakabiliana uwanjani, kila upande na mbwembwe zake na siri zake, na upande unaovuta watu wengi ndio unaoshinda. Alisema mtu wa huku ukimwambia afanye kazi atasinzia, ukimwambia upande wa pili umeshamtangulia hatalala. Hilo alisema kweli. Aliwagawa akina mama, upande wa juu wa blanketi na upande wa chini, kila upande ushone ukingo wake kwa siri, kisha pande zote mbili ziletwe ziungwe na cha katikati. Upande wa chini aliuongoza Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mkulima hodari.

Sijawahi kuona kijiji kikishona namna ile. Walishona sokoni huku wanauza dengu. Walifichana kazi chini ya khanga. Upande wa juu ulitunga wimbo wa kuwasema wa chini, wa chini wakajibu kwa wimbo mchafu kidogo, mchungaji akajifanya hajausikia. Mimi nilirudi Geita nikimwambia mume wangu kwamba safari hii tumefika.

Nilikuwepo siku ya kuunga. Mwalimu hakutaka watu waingie. Aliingia na kazi za pande zote mbili chumbani kwake akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa mgumu. Alisema upande wa juu umekaa, upande wa chini haukukaa, umezidi. Mama Kulwa alisimama.

"Umezidi vipi, Mwalimu? Tumepima wote kwa kipande kimoja cha boksi, ulichotukatia wewe mwenyewe."

"Mmepima vibaya."

"Lete tupime hapa, watu waone."

"Hakuna cha kupima. Umepima kama kipofu, Mama Kulwa. Nilikufundisha darasa la nne, na darasa la nne ulikuwa hivyo hivyo."

Watu walicheka, wa upande wa juu zaidi ya wote. Mama Kulwa hakucheka. Alichukua khanga yake akaondoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hakumwamkia Mwalimu tena tangu siku ile. Walipokutana kisimani alivuka upande wa pili. Mwalimu aliingia ndani, na kesho yake nilimkuta kibarazani na wembe wake, anaufumua ule ukingo wa upande wa chini, ambao kwa macho yangu ulikuwa umenyooka kuliko barabara ya lami. Nilimwambia amemvunjia mtu heshima kwa ajili ya kitambaa. Akanijibu, "Shona." Sikushona. Niliondoka bila kumaliza chai, na mwaka uliofuata sikwenda kwake kabisa.

Mwaka huu yeye ndiye aliyenipigia simu. Hiyo peke yake ilinitisha, maana simu aliiona ni kitu cha kupokea tu. Hakueleza chochote. "Njoo, Mama Pendo," alisema, sauti yake nzito, kama ulimi unamlemea. Nilifika asubuhi baada ya kulala kwa dada yangu. Mlango wa choo bado ulikuwa na bawaba moja. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, na mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani wala hauinuki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwangaluka," aliongeza kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Imekuwaje mkono?"

"Umekuwa mzito tangu masika. Daktari anasema ni presha. Usianze kulia, hujaitiwa hilo. Tandika mkeka, ukatoe furushi ndani. Lifungue lote."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Lote?"

"Lote."

Nilitandika mkeka, nikalitoa lile furushi, nikafungua fundo la shuka kuukuu, na nikalitandaza blanketi langu chini ya jua kwa mara ya kwanza tangu lilipoanzwa. Sikutazama viraka vya pembeni. Nilitazama katikati. Zilikuwepo, khanga za Mama, ile nyekundu ya korosho aliyopenda na ile ya kijani iliyochujuka. Na mishono yake ilikuwepo, mikubwa mikubwa, ya uzi mweusi, mahali pengine imeruka, mahali pengine imerudia mara mbili kama mtu aliyesahau kwamba ameshapita hapo. Hakuna uzi hata mmoja uliokatwa. Nilipiga magoti nikaweka kiganja juu yake, na nililia ingawa nilikatazwa.

Nilipoinua kichwa ndipo nikaona. Kipande cha Mama hakikuwa mraba. Upande mmoja ulikuwa mpana, upande wa pili umebanwa kwa upana wa kiganja kizima, na kila mstari uliozunguka ulikuwa unajaribu kulificha hilo na unashindwa. Ukingo wa vitambaa vilivyokizunguka ulikuwa umejaa vitundu vya sindano, vitundu juu ya vitundu, kitambaa kimekonda kwa kushonwa na kufumuliwa.

"Umeona?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeona."

"Mkono ulikuwa unamshuka, maskini. Niliona siku ile ile aliponipa."

"Ungekifumua ungemaliza."

"Ningemaliza kabla ya harusi yako, tena ningebaki na nafasi." Alitazama kapu lake la kushonea. "Niliushika wembe siku moja. Nikaurudisha kwenye kapu. Nikasema nitaunyoosha ukingo, mpaka mtu asione. Kila nikiunyoosha huku, kule unakimbia."

Hasira yote ya miaka ile ilinipanda. Nilisimama. "Mwalimu, mimi ningelichukua hivi hivi! Mwaka ule ule! Nililitaka hivi hivi lilivyo, nimelia kwa ajili yake, nimezaa watoto nikilisubiri, na wewe ulikuwa unanyoosha?"

"Hukusema unalitaka lililopinda."

"Hukuniuliza! Ulilifunga kwenye shuka!"

"Nililifunga usione." Sauti yake ilishuka. "Watu wangeliona kitandani siku ya harusi. Wangesema nini? Wangesema mama yako hakujua kushona. Na yeye hayupo wa kujitetea."

Nilikaa tena chini. Kulikuwa na jambo lingine, na nilijua jibu lake kabla sijauliza.

"Mama Kulwa alipima sawa."

"Alipima sawa. Wote walipima sawa."

"Ulimwambia kipofu mbele ya watu."

"Nilimwambia."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ilibidi pawe na aliyekosea," alisema. "Mama Kulwa yupo hai, ana mdomo. Nikaona ataweza." Alitazama mkono wake. "Nimelijutia hilo kuliko ukingo wote."

Nilikuwa bado namkasirikia, kwa ajili yangu na kwa ajili ya Mama Kulwa, na sioni haya kusema kwamba hata sasa sijaimaliza hasira hiyo. Lakini alishika ukingo uliobaki wazi kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza kwenye goti lake, akaniambia nitunge uzi.

"Upande huu ndio haujafungwa. Shona. Usipime. Fuata alivyoacha mama yako, kama ameenda pembeni, nenda naye pembeni."

Nilishona mchana kutwa. Yeye alishika kitambaa upande wake, hakuimba, hakugonga kisigino. Hatukunywa chai. Nilifuata kule kupinda kwa mishono ya Mama, nikaacha viraka viende vinakotaka kwenda, na blanketi likakaa. Halikunyooka, lakini lilikaa, halikuvutana mahali popote. Mara mbili niliona mkono wake wa kushoto unatambaa kuelekea kwenye kapu lenye gunzi. Mara ya kwanza aliurudisha mwenyewe. Mara ya pili alilichukua lile gunzi akaliweka mapajani, akalifunika kwa khanga, na kugeuza uso kutazama shamba. Mshono wangu ulipinda zaidi nilipokuwa namtazama yeye.

Jua lilikuwa limeanza kulegea nilipofunga fundo la mwisho. Nilinyoosha mgongo, nikasema ngoja nikoleze moto, tunywe chai sasa.

"Hapana. Likunje uondoke nalo."

"Mwalimu, hata sijapumzika."

"Utapumzika kwa dada yako. Pembeni pale karibu na kiraka cha ovaroli ya mumeo umeruka, na kona ile imeinuka, nimeviona vyote, na wembe uko hapa." Alilikandamiza gunzi mapajani kwa mkono wa kushoto. "Mpitie Mama Kulwa. Mtandazie aone. Mwambie nimesema palipopinda ni katikati, kwake palikuwa sawa."

"Nimwambie ni Mama alikosea?"

Alifikiri. "Mwambie Mama alikuwa anaumwa, na mimi nilikuwa mzima. Nenda, mwanangu. Nenda upesi."

Nililikunja, nikaliweka kichwani, nikashuka kibarazani. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, kwa ile pamba yote. Nilipofika barabarani niligeuka nimpungie mkono. Alikuwa amekigeuza kigoda chake, ameupa mgongo barabara, amekaa anautazama ukuta ili asiniite.